Ubao Mama wa Mahari

Acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Concilie jirani yangu, maana Concilie akipewa habari ya kijiko anaigeuza beseni. Aliyeharibu harusi ya Mwavita Ijumaa ile ni minye, mimi Sofia, shangazi yake. Na aliyeitengeneza, kama hapa kuna muntu wa haki, ni minye vilevile. Basi sikilizeni.

Kwetu Waislamu wa Uvira mahari ni ya bibi arusi. Si ya baba, si ya wajomba, si ya shangazi, ingawa sisi mashangazi huwa tunajisahau. Msichana anaulizwa anataka nini, na anachokitaja ndicho kinachoandikwa. Wenzake walitaja vitu vya kueleweka: cherehani, kitanda, mkufu. Mwavita wetu alipoulizwa na baba yake, kaka yangu Asani, akasema anataka carte mère na prosesa ndogo ya kuanzia.

Asani akauliza kama hiyo ni kadi ya kliniki ya wamama. Niliona haya kwa niaba yake, lakini ukweli hata minye sikujua. Mafundi wa huku wanaiita hivyo kwa Kifaransa, ng'ambo Tanzania wanaiita ubao mama, na mimi nitafuata wa Tanzania kwa sababu mdomo wangu unachoka upesi. Ni lile bamba la ndani ya kompyuta ambalo kila kitu kinapachikwa juu yake. Prosesa ndiyo ubongo, nayo inakaa mahali pake katikati ya bamba, panaitwa soketi.

Mwavita anachora plani za nyumba. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za watu huku chini, kazi hiyo haikosi wateja, ila mashini si yake. Anachora kwa injenyeri Félicien, kwenye kompyuta ya Félicien, saa ambazo Félicien ameenda kula. Picha moja ya nyumba inajipika ndani ya mashini saa nne nzima. Mwenyewe akirudi kabla haijaiva, anaizima. Nimemwona mutoto huyu akirudi nyumbani na machozi ya hasira. Mama yake tulimzika Mwavita akiwa na miaka sita, minye ndiye niliyemsuka nywele tangu hapo, na ninayajua machozi yake yote.

Kwa hiyo alikuwa anajikusanyia vyake kidogo kidogo. Alinunua sanduku la kompyuta. Akanunua kifaa cha umeme. Miezi mitatu baadaye akanunua RAM, vile vijiti viwili vya kumbukumbu, akaviweka kabatini pamoja na nguo zake za Idi. Kilichobaki ni ubao na prosesa, na ndicho alichokitaja kwa mahari. Siku akivipata, hamuombi Félicien tena ruhusa ya kukaa kitini.

Tulienda kuchagua wote watatu, yeye, mimi na Walid mchumba wake, kwenye butiki ya Herménégilde, duka la vifaa vya kompyuta pale Kavimvira. Herménégilde ni Mkatoliki wa bondeni Ruzizi, muntu mpole mpaka unataka kumtikisa uone kama yuko macho. Walid anauza paneli za sola Mulongwe, kijana mzuri, mrefu, mwenye adabu. Mwavita ndiye aliyeongea. Mwavita nyumbani hasemi maneno kumi kwa siku, pale alimbana Herménégilde kama wakili.

"Huu unachukua soketi gani?"

"AM4."

"Na ule?"

"AM5, dada."

"Sehemu yake ya kupitisha umeme iko na nguvu? Kesho nikiweka prosesa kubwa hautachemka?"

"Hautachemka. Ona vyuma vya kupoza, pande zote mbili."

"Nafasi za RAM ngapi?"

"Nne. Vijiti vyako viwili vinaingia, mbili zinabaki wazi." Herménégilde akaugeuza ubao nyuma, uso unamng'aa kama amepata mjukuu. "Na hiki kitufe, unakiona? Siku prosesa mpya ikitoka, unachomeka flash, unabonyeza hapa, ubao unajifunza kuitambua. Ata kama hakuna prosesa ndani."

"Njo huu, ndio ninaoutaka," Mwavita akasema.

Minye nilikuwa naangalia upande mwingine. Juu ya meza kulikuwa na mashini nzima imekwisha kufungwa, mbavu zake za kioo, ndani taa za buluu na nyekundu zinazunguka, prosesa yake kubwa kuliko zote mule ndani. Nikauliza bei. Ilizidi kidogo tu ile ya ubao na prosesa ndogo. Nikamwambia Mwavita, weye iko na akili kweli? Hii iko tayari, iko na nguvu leo, na weye unataka bamba tupu na kiubongo cha kuku?

"Shangazi," akasema, "hii ni AM4, soketi ya zamani. Prosesa iliyomo ndiyo kubwa yake ya mwisho. Ni kama jiko ambalo sufuria kubwa kabisa inayoweza kukaa iko juu tayari. Leo itapika, sikatai. Lakini kazi ikizidi, sina la kuongeza, nitatupa ubao, nitatupa RAM, nitaanza moja. Na minye lini tena nitapata vyote kwa siku moja? Huu mwingine naanza na sufuria ndogo. Mwaka wa tatu, wa nne, nabadilisha prosesa peke yake, basi."

Walid akasema, "Amechagua mwenyewe, shangazi." Akaagiza uwekwe hadi siku ya harusi.

Ningeishia hapo, mambo yangekwenda salama. Lakini nilirudi nyumbani na ule mfano wa jiko ukanikaa rohoni vibaya. Ubao wenyewe unaingia kwenye katoni bapa kama sinia, prosesa kwenye kiboksi cha kukaa kiganjani. Nikaona siku ya harusi: ukoo wa Walid wanakuja na ngoma kutoka Mulongwe, wamebeba katoni moja. Nikamsikia Concilie. Miaka kumi angeisema, kwamba binti wa Asani aliolewa kwa katoni.

Jumanne nikaenda kwa Walid kwenye kibanda chake cha sola, bila kumwambia muntu.

"Walid baba, ile mahari ibadilishe. Leta ile ya taa."

Akakuna kichwa. "Lakini shangazi, Mwavita mwenyewe..."

"Mwavita ni mutoto. Weye unaoa ukoo, huoi fundi. Unataka watu waseme umetuletea kiboksi?"

Sasa nyie mnajua. Kwetu shangazi wa bibi arusi ndiye mlango. Mwanaume akimkasirisha, atalala nje. Walid akasema, "Sawa, shangazi." Hakumuuliza mchumba wake, maana alidhani mimi nimekwisha kuelewana naye, na minye sikumwambia kama sivyo. Hilo ndilo kosa langu, na silipunguzi.

Ijumaa ikafika. Pilau iko motoni, uwani watu tele, Shehe amekaa kwenye mkeka na daftari lake. Sisi wanawake tuko chumbani na Mwavita, hina mpaka viwikoni. Ngoma zikasikika kutoka barabarani, mahari ikaingia imebebwa na vijana wawili, imefunikwa kitenge. Mwavita akatabasamu, halafu akaona ukubwa wa kile kitu, tabasamu likapungua. Wakafunua. Walid alikuwa ametuma na betri ya sola ili taa ziwake, nazo zikawaka, chumba kikawa cha buluu, kikawa chekundu. Vigelegele! Concilie alipiga mpaka akakohoa. Minye kifua kilinijaa, niseme uongo wa nini.

Mwavita akasema, "Naomba bisibisi."

Wakacheka wakidhani ni mzaha. Hakucheka. Dada mmoja akamletea ya kufungulia redio, na bibi arusi wetu akapiga magoti na gauni lake, akafungua ubavu wa kioo, akaingiza kichwa ndani. Akasoma maandishi ya ule ubao. Akaangalia vijiti vya RAM. Akarudi kukaa mahali pake, bisibisi mkononi.

"Imekuwaje?" nikamnong'oneza.

"Hii si niliyochagua." Sauti ndogo sana. "RAM yangu haiingii humu. Walid amebadilisha bila kuniuliza."

Nikainama kujifanya napanga upindo wa gauni lake. Muda huohuo Asani akaingia na mashahidi wawili. Ndiyo desturi: baba anakuja kwa binti, anamwomba idhini kabla Shehe hajafunga ndoa.

"Mwanangu Mwavita," akasema, "Walid anakutaka, na mahari yake ni hii mashini iliyo mbele yako. Umeniruhusu nikuozeshe?"

Kimya.

Wanawake wakatabasamu. Ee, ana haya, mutoto wa watu. Kwa maana nyie mnajua tena desturi inavyosema, mwari akinyamaza amekubali. Asani akauliza mara ya pili. Mwavita anaangalia bisibisi. Mara ya tatu. Kimya kilekile.

Mimi pia baba yangu aliniuliza mara tatu. Ni miaka thelathini na mbili sasa. Nilinyamaza mara tatu, si kwa haya, na wao wakapiga vigelegele, wakaenda kula. Hakuna aliyeuliza kile kimya kilikuwa cha nini. Simlaumu marehemu mume wangu, alikuwa muntu mwema, lakini nilijua pale chumbani kwamba ninaona kitu ambacho wenzangu hawakioni.

Asani akageuka kutoka. "Amekubali," akawaambia mashahidi.

Nikamshika kanzu. "Simama! Hiyo si ndiyo."

"Sofia, niache, Shehe anangoja."

"Nasema hiyo si ndiyo! Mutoto amekasirika, na aliyemkasirisha ni minye. Mahari hii si aliyoitaja. Nilikwenda kwa Walid kwa siri nikamlazimisha abadilishe, kwa sababu niliona haya ya katoni. Haya, nimesema. Nichapeni."

Chumba kizima kikaniangalia. Concilie mdomo wazi, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha. Asani akashika kichwa. "Sofia! Tangu utoto weye na mdomo wako! Watu mia mbili wako nje!" Akamgeukia binti yake, sauti ikapoa. "Mwavita. Unamkataa Walid?"

"Walid simkatai, baba," akasema, na sasa machozi yakatoka. "Nakataa hii mashini. Na nakataa kufanyiwa mambo nyuma ya mgongo wangu, siku ya kwanza tu."

Wakamwita Walid mpaka mlangoni. Akasimama pale na kanzu yake mpya, anatazama miguu yake.

"Kwa nini hukuniuliza?" Mwavita akamwambia kupitia pazia.

"Nilidhani shangazi ametumwa na weye."

"Na usingeweza kupiga simu?"

"Nilimuogopa."

"Wote tunamuogopa," Asani akasema, na ndipo watu wakacheka, hata Mwavita akacheka ndani ya machozi. Mimi sikucheka. Nilistahili.

Walid akataka kujisafisha mbele ya watu. Akasema kwa sauti, ili na Shehe uwani asikie, "Ataletewa ubao wake leo leo. Na muandike na mahari ya nyuma, ile inayolipwa baada ya ndoa: prosesa kubwa, ile itakayotoka baadaye, nitailipa mimi."

Shehe akainua kalamu. "Inaitwaje?"

"Haina jina bado, Shehe. Haijatengenezwa."

"Haijatengenezwa?" Shehe akavua miwani. "Kijana wangu, mahari lazima ijulikane. Unaweza kuchelewesha mbuzi, lakini mbuzi awe anajulikana. Minye sifungishi ndoa kwa kitu ambacho hakijazaliwa."

Uwani wakaanza kubishana. Mmoja anasema waandike pesa, mwingine anasema waandike prosesa iliyopo sasa ambayo ni kubwa zaidi. Mwavita akaniambia nitoke niseme maneno yake, nami nikatoka nikayasema vilevile, sikuongeza hata nukta. Mahari yake ni ubao aliouchagua na prosesa yake ndogo. Hilo tu. Ile nyingine isiandikwe popote. Siku ikitoka, Walid akiwa bado anapenda kazi ya mkewe, ataleta mwenyewe. Asipoleta, mkewe atajinunulia, mahali pa kuiweka papo.

Ilinipanda mpaka hapa shingoni kupiga kelele, mushike kwa maandishi, mjinga weye, mwanaume hashikwi kwa mapenzi! Nikaumeza ulimi. Ilikuwa zamu yake ya kuchagua.

Herménégilde alikuwa amekaa na wageni, sahani ya pilau magotini. Nikamnyanyua. "Twende."

"Mama, sijamaliza nyama."

"Utamalizia. Twende!"

Tukapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka Kavimvira, yeye mbele, minye nyuma nimekumbatia ile mashini ya taa kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Madereva wengine wanatupigia honi. Herménégilde akafungua butiki, akatoa katoni ya ubao na kiboksi cha prosesa. Vilikuwa palepale chini ya meza, kwa sababu alikuwa hajapata moyo wa kumuuzia mtu mwingine kitu alichokichagua yule dada kwa akili namna ile. Nikamwambia Mungu ambariki, na nikamwomba msamaha kwa mambo yote niliyowahi kumsema.

"Nikupe kitenge ufunike?" akaniuliza.

"Sifuniki."

Niliteremkia mwanzo wa barabara yetu kwa makusudi. Nikaweka katoni kichwani, kiboksi juu yake, nikapita katikati ya watu wa Mulongwe na wa kwetu, wapiga ngoma, wapika pilau, watoto, wote. Nilitembea taratibu ili kila muntu asome. Nikamsikia mmoja anasema, "Njo hii tu?"

"Njo hii tu!" nikamjibu. "Weye uliletewa nini, bibi?"

Chumbani hakuna aliyepiga kigelegele. Wanaitazama ile katoni kama wanangoja iliyobaki ije nyuma. Nikapiga mimi, peke yangu, kirefu, mpaka pumzi ikaisha. Nikapiga cha pili. Cha tatu Concilie akanisaidia, na kwa hilo nimemsamehe mengi.

Mwavita alifungua katoni kwa ncha za vidole ili hina isiguse. Akasoma. Akahesabu nafasi za RAM, akatafuta kile kitufe cha nyuma, akakipata. Halafu akafungua kabati, akatoa vijiti vyake viwili kutoka katikati ya nguo za Idi na kuviweka kando ya ubao, akatulia.

Asani akarudi na mashahidi. Safari hii hakumuangalia mtu mwingine ila binti yake.

"Mwanangu Mwavita. Walid anakutaka, na mahari yake ni hiyo uliyoichagua. Umeniruhusu nikuozeshe?"

Wanawake wakainamisha vichwa kungoja kile kimya cha haya. Hata mashahidi waliinamisha.

"Ndiyo, baba!" Mwavita akasema, kwa sauti iliyofika uwani, ikafika kwa Walid na Shehe na wapiga ngoma. "Nimekuruhusu. Nimekubali."

Bibi mmoja akaziba mdomo kwa mshangao. Asani akasimama pale, hajui atoke au akae, maana katika ukoo wetu hakuna baba aliyewahi kujibiwa. Na minye nikaketi chini kwenye sakafu, na gauni langu jipya, nikalia kwa furaha mpaka Mwavita mwenyewe akaja kunifuta uso.